Msimu Nyanya Zilipokataa Kwisha

Wiki iliyopita jirani yangu wa ghorofa ya chini aliniletea mfuko wa nyanya kutoka kwao Kieni. Zilikuwa zimechumwa kwa haraka, nyingi bado zina vikonyo na vipande vya majani. Nilizimwaga kwenye sinki nikaanza kuziosha, na nilipotazama mikono yangu nikaona imeingia ile rangi ya kijani inayogeuka njano ukiipaka sabuni. Kisha harufu ikanifika. Haikuwa ya nyanya yenyewe, ilikuwa ya jani lake, kali, chungu kidogo, inayokaa kooni. Niliacha maji yakitiririka, nikavuta kiti nikaketi. Watoto waliniuliza kama ninaumwa. Nikawaambia nimechoka tu, na kweli nilikuwa nimechoka, ila sidhani uchovu ule ulikuwa wangu.

Ulikuwa wa Mama, wa msimu mmoja nilipokuwa darasa la pili. Sasa nimeshampita umri aliokuwa nao wakati ule, na labda ndiyo maana umenifikia. Wenzangu mliolelewa huku mlimani mnalijua lile jua linalokuja mvua za vuli zikishakatika, pale kila kilichopandwa kinapoamua kuiva kwa pamoja, na mtu anaamka asubuhi akiwa tayari amechelewa.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya Gakindu, kwenye mteremko ambao ukiangusha chungwa mlangoni unalifuata hadi mtoni. Kahawa ilikuwa upande wa juu, na chini ya jikoni lilikuwa shamba la mboga la Shosho, mama yake Baba. Lilishuka kwa matuta kama ngazi: sukuma wiki na spinachi karibu na mlango, halafu karoti na dania, halafu kabeji, halafu nyanya zilizofungwa kwenye miti, na huko chini kabisa malenge yaliyotambaa yalivyotaka hadi kwenye miti ya mtoni. Shosho alikuwa amelifanya shamba lile kabla Baba hajazaliwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuchuma kitu bila yeye. Ukitaka kitunguu unamwambia, naye anakwenda anakung'olea.

Baba alikuwa fundi wa mawe, akifanya kazi Nanyuki na kurudi nyumbani mara moja moja. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa Shosho, Mama, mimi, na ndugu yangu Maina ambaye bado alibebwa mgongoni. Mama hakuwa mtu wa huku. Alitoka Bungoma, jina lake Nafula, na Baba alikutana naye alipokuwa akijenga shule upande ule. Shosho hakuweza kulitamka jina hilo, alisema Navura. Mama naye Kikuyu kilikuwa kimemshinda. Alielewa kidogo lakini alipokisema watu walicheka, akaacha. Hivyo wawili hao walizungumza Kiswahili, na Kiswahili cha Shosho kilikuwa cha kuomba chumvi na kuuliza kama ng'ombe amekunywa maji.

Mimi niliamini kwamba wanachukiana. Wangeweza kukaa jikoni asubuhi nzima wakimenya viazi na maneno yote yaliyopita kati yao yakawa, "Leta kisu," na, "Iko hapo." Shuleni kwetu wasichana wawili wakikaa hivyo tulijua wamenuniana, na nikadhani Mama na Shosho wamenuniana tangu kabla sijazaliwa. Tena nilikuwa na ushahidi. Nilipewa jina la Shosho, kama ilivyo desturi kwa msichana wa kwanza, lakini Mama hakunitaja kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita Mami. Niliona wazi kwamba hataki jina la yule mzee limguse ulimi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa kwamba ilikuwa heshima: huwezi kumfokea mtoto kwa jina la mkweo, ukamwita mvivu na mchafu, na mkweo mwenyewe ameketi pale nje akisikiliza.

Shosho alianguka wakati wa mvua. Alikuwa akishuka na karai la miche ya kabeji, njia ikawa telezi, mguu ukamtoka. Mama ndiye aliyemfikia kwanza, Maina mgongoni, na mimi nikafika nikakuta Shosho amelala ubavu, uso wa rangi ya jivu, miche imetawanyika kwenye matope. Majirani walikuja wakambeba kwa blanketi hadi kwenye pikapu ya mtu aliyekubali kumpeleka hospitali Nyeri. Jirani yetu Mama Gathoni alikuwa ameshika pembe moja ya blanketi. Walipotaka kumpandisha, Shosho alinyoosha mkono akamshika Mama kifundo cha mkono, akakikaza kiasi cha kuacha alama.

"Navura," alisema. "Shamba. Usiache."

Halafu wakaondoka naye. Mama alirudi mahali pale pale alipoangukia Shosho, akapiga magoti, akaanza kuokota miche ya kabeji kwenye matope, mmoja mmoja, akiipangusa kwa leso yake. Jioni ile ile, mvua ikinyesha, aliipanda yote.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Shosho alikaa hospitali, kisha akapelekwa Murang'a mjini kwa dada yake Baba, ambaye tulimwita Tata, kwa sababu nyumba yake ilikuwa mahali tambarare na kliniki ilikuwa karibu. Hatukuambiwa atarudi lini. Mimi sikuuliza. Niliona nyumba imekuwa kubwa, na niliruhusiwa kuchuma karoti, na kwa kweli kwa siku kadhaa za kwanza nilifurahi.

Mvua ile ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ilipokatika na jua likatoka, shamba lilifanya kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa. Nyanya zilianza. Mwanzoni tulizisherehekea, tukala mbichi na chumvi tukiwa tumesimama shambani, zikiwa bado na joto la jua. Baada ya muda zikawa nyingi kiasi kwamba Mama akimaliza kuchuma mstari wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umekomaa tena. Sukuma wiki zikawa na majani mapana kama masikio ya ndovu. Kabeji zile za matope zilifunga vichwa hadi nyingine zikapasuka. Minji zilikauka kwenye maganda kabla hatujazifikia. Malenge tuliyaweka chini ya kitanda cha Shosho, kisha chini ya kitanda chetu, kisha sebuleni, kila mgeni akaketi magoti juu.

Mama alichukua kikapu siku ya soko akaenda Gakindu. Kwao mzigo hubebwa kichwani, na wanawake wa kwetu waliubeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, wakiwa wameinama kuelekea mlima. Mama alipanda mteremko ule amenyooka wima, kikapu kichwani, watu wote wakimtazama, nami nikimfuata nyuma nikiona aibu. Tulipofika sokoni tulikuta nyanya zimetandazwa kuanzia lango hadi kwenye vibanda vya nyama. Kila mtu alikuwa na nyanya. Mwanamke mmoja alikuwa akizipanga upya zake kwa kukosa la kufanya. Tulikaa hadi alasiri, tukarudi na kikapu karibu kilivyokuwa. Njiani Mama alisimama kwa Mama Gathoni akamgawia. Kesho yake Mama Gathoni alirudisha kikapu, kwa adabu, maana kwetu chombo hakirudi kitupu, na ndani yake kulikuwa na nyanya.

Mtu mwingine angeziacha zioze. Nasema hivi sasa kwa kuwa mimi mwenyewe ningeziacha. Lakini Mama alikata nyanya vipande akazianika juu ya mabati. Alizichemsha akazitia kwenye chupa. Alianika majani ya kunde, akafunga minji kwenye vitambaa, akapeleka malenge kanisani, akapeleka mengine shuleni hadi mwalimu akaniambia nimshukuru mama, yanatosha. Tulikula nyanya asubuhi na ugali uliolala, tukala nyanya jioni. Maina aliota vipele mdomoni.

Na hayo yalikuwa mavuno tu. Kulikuwa na waliokuja kuvuna pamoja nasi.

Wa kwanza alikuwa fuko. Unaiona kabeji imesimama vizuri asubuhi, majani yanang'aa, unaigusa inaanguka, haina mizizi. Mama alikuwa akiinua moja nayo inakuja nyepesi mkononi kama kofia. Aliliangalia lile shimo chini yake, akaenda kwa iliyofuata. Alimwita mzee mmoja wa kijiji aliyejulikana kwa kutega, Guka Ndirangu. Alikuja na vijiti vyake na waya, akapinda fito, akachimba kidogo, akafunika, na kutuonya tusikanyage. Alipomaliza Mama alimletea nyanya kwenye sufuria. Mzee alirudi nyuma hatua.

"Mama, nyanya hapana," alisema. "Mimi hata nyumbani nimekimbia zangu. Kama uko na chai, nitakunywa chai."

Fuko wawili walinaswa. Lakini vichuguu vipya vilitokea kwenye karoti, na Mama akaanza kupita kila alfajiri akivikanyaga, kana kwamba anamfungia mtu mlango. Kulikuwa na viwavi, akavitoa kwa mkono na kuvitia kwenye kopo la maji ya sabuni. Kulikuwa na koa kwenye spinachi, akamwaga jivu. Kulikuwa na ndege wenye mikia mirefu waliotoboa kila nyanya iliyogeuka rangi, akafunga makopo kwenye kamba, yakawa yanagongana siku nzima hata sisi hatukuyasikia tena, na ndege vile vile.

Ila waliomvunja moyo ni tumbili. Walitoka kwenye miti ya mtoni, kundi zima, akina mama na watoto walioning'inia tumboni, na dume moja kubwa lenye uso mweusi lililotembea kama lina hati ya shamba. Tumbili hamwogopi mwanamke; hilo kila mtu wa huku analijua. Akiona rinda au leso anaendelea kula. Mama alipiga mayowe, akarusha mawe, dume likamtazama, likachuma nyanya, likaiuma mara moja, likaitupa, likachuma nyingine.

"Wangekuwa wanamaliza!" Mama aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshtaki. "Wangekula moja wakaimaliza, nisingesema kitu, Mami. Lakini ona. Ona."

Basi akavaa koti la Baba la kazi na kofia yake, akatia miguu kwenye gambuti zake, akashuka shambani na panga. Tumbili walikimbia. Mama Gathoni alikuwa njiani, akaita kutoka juu ya ua, "Eh! Baba Mami amerudi?" Mama alicheka kidogo. Tangu siku hiyo alivaa koti lile kila siku, Maina akiwa chini yake mgongoni, hivi kwamba kwa mbali alionekana kama mwanamume mwenye kibyongo. Tumbili waliogopa kwa muda. Halafu wakaanza kuangalia vizuri. Sijui ni sauti yake au namna anavyotembea, lakini siku moja dume lile lilimwona na koti na kofia na panga na kila kitu, na halikuondoka.

Nilimwona Mama akishusha panga. Akaketi juu ya tuta, kofia ya Baba ikiwa imemfunika macho, akabaki hapo. Nilidhani anapanga jambo. Niliposogea karibu nikakuta amelala, ameketi vile vile, mdomo wazi, na Maina mgongoni akivuta uzi kwenye kola ya koti.

Baada ya hapo nikaanza kumwona akilala kila mahali. Alilala kanisani wakati wa mahubiri na kichwa kikagonga kiti cha mbele. Alilala akikamua ng'ombe, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, mikono ikiendelea. Ugali uliungua. Nilikwenda shule na soksi za rangi mbili. Mikono yake ilikuwa na ile rangi ya kijani iliyokataa kutoka hata kwa limau, na aliponikumbatia, jambo ambalo alilifanya kwa haraka siku hizo, alinuka majani ya nyanya, jivu na jasho.

Baba alikuja Jumamosi moja akakuta hana mahali pa kuweka begi lake. Nilikuwa kwenye chumba cha pili nikifanya hesabu nikawasikia.

"Nafula, hili shamba liache. Chuma ya kula, zingine ziende."

"Hukuwepo siku ile. Hukusikia alichoniambia mama yako."

"Mama ni mgonjwa. Hana habari na kabeji."

"Akirudi akute limekufa, watasema nini? Watasema mimi si wa huku, nimeua shamba la mtu. Mama Gathoni alisikia kwa masikio yake. Wewe utakuwa Nanyuki."

Baba akasema, "Nitakuletea waya wa ua," na Jumapili alifunga waya kuzunguka matuta ya juu, akaenda zake. Tumbili walipita juu yake siku iliyofuata.

Mimi nikayaelewa yale maneno kwa akili yangu ya mtoto. Nikajua Mama anamwogopa Shosho. Kumbe hata akiwa Murang'a, mlima mzima ukiwa kati yao, Shosho alikuwa anamshika Mama kifundo cha mkono. Nikaanza kumchukia Shosho kidogo kwa niaba ya Mama, na kuombea, Mungu anisamehe, akae huko huko.

Tulikwenda kumwona. Mama alichagua nyanya zilizo nzuri kuliko zote, kabeji isiyoguswa na mdudu, karoti alizoziosha hadi zikang'aa, akapanga kikapu kama cha kupeleka maonyesho. Kwa Tata, Shosho alikuwa kitandani kando ya dirisha, amekuwa mdogo, nywele zake ambazo sikuwahi kuziona bila kitambaa zikiwa nyeupe na chache. Mama aliweka kikapu karibu na kitanda.

"Ni za shamba lako, Mama," alisema.

Shosho alinyoosha kidole akagusa nyanya iliyokuwa juu. "Imetoka mzuri," alisema.

"Kabeji pia. Zimefunga sana. Hata malenge."

"Eh. Naona."

Halafu akageukia ukutani. Mama alibaki ameshika mpini wa kikapu. Tata alileta chai, wakazungumza mambo ya daktari, na Shosho hakugeuka tena mpaka tukaondoka. Njiani nilimtazama Mama nikaona ameuma mdomo wa chini, na nikasema moyoni, umeona sasa, hata asante hakuna. Lakini Mama alirudi nyumbani akaongeza bidii, na kila mtu wa kijiji aliyekuwa akielekea Murang'a alipewa kikapu ampelekee Shosho.

Shosho alirudi jua likiwa bado kali. Baba na Tata walimleta kwa gari la kukodi. Alitembea na fremu ya chuma, akiisukuma, akingoja, akiifuata, na kutoka barabarani hadi mlangoni kulichukua muda ambao chai iliyomiminwa ilipoa. Baba na Tata walibaki juu wakishusha mizigo na kuzungumza na dereva. Mama alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri. Alisimama kando ya mlango na gambuti za Baba miguuni, mikono ameificha nyuma.

Shosho aliingia sebuleni, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo niliona alichokiona. Malenge yalijaa kuanzia ukutani hadi kwenye meza. Juu ya meza kulikuwa na chupa za nyanya, nyingine zimefura vifuniko. Magunia ya minji, vifurushi vya kunde zilizokauka, vitunguu vinaning'inia kwenye misumari ya picha, na picha zenyewe zimeegemezwa chini. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichoanza kuchacha, tuliyokuwa tumeizoea hata tusiisikie.

"Navura," Shosho alisema. "Hii yote ni ya nini?"

"Ni za shamba, Mama."

"Naona ni ya shamba. Nauliza ni ya nini. Nani atakula?"

Nilisubiri Mama ainame, aombe msamaha, kama nilivyodhani watu wanaoogopa hufanya. Badala yake alitoa mikono nyuma na sauti yake ikapanda.

"Wewe uliniambia nisiache!"

"Mimi? Nilikuambia nini?"

"Siku ulipoanguka. Ulinishika hapa." Akaonyesha kifundo chake. "Ukasema shamba, usiache. Mama Gathoni alikuwepo, watu wote walisikia. Basi sikuacha, Mama. Hata siku moja sikuacha. Fuko, tumbili, ndege, sijui nini. Sikuacha."

Shosho aliishika fremu yake vizuri zaidi. Uso wake ulikuwa unatafuta kitu na haukipati.

"Mimi sikumbuki," alisema.

"Ulisema."

"Labda nilisema. Mfupa imevunjika, niko na uchungu, naongea tu. Wale walinipeleka waliambia Tata, ati njia yote mpaka Nyeri nilikuwa naita mama yangu. Na mama yangu alikufa mimi nikiwa kama huyu." Alinigusa kichwa bila kunitazama. "Navura, haki ya Mungu, mimi sikumbuki hiyo kitu."

Nje makopo yaligongana kwenye kamba.

"Na zile kikapu?" Shosho aliuliza. "Zile ulikuwa unaleta Murang'a, unatuma, kila mara kikapu?"

"Nilitaka uone ninalitunza."

Shosho alitoa sauti puani, karibu na kicheko. "Mimi nilikuwa naona nasema, huyu msichana ananionyesha. Ananionyesha shamba inatoka mzuri sana bila mimi. Nyanya kubwa kuliko zangu. Nikasema, basi, hakuna haja na mimi huko. Wacha nikufie hapa kwa msichana wangu."

"Mama!"

"Ndiyo nikageukia ukuta. Wewe ulifikiri nimelala?"

Mama aliketi chini. Hakutafuta kiti, aliketi juu ya lenge kubwa lililokuwa karibu, gambuti zimenyooka mbele yake, akaanza kucheka. Alicheka akijifunika uso kwa mikono yake ya kijani, na mabega yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha, nami nikajua si kicheko tena. Niliogopa. Shosho alisukuma fremu yake, akangoja, akaifuata, mpaka akamfikia. Hakuweza kuinama. Aliweka tu kiganja juu ya kitambaa cha kichwa cha Mama akakiacha hapo.

"Nimechoka, Mama," Mama alisema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Msimu mzima ule, hakulisema.

"Naona."

"Nimechoka sana."

"Enda ulale."

"Ng'ombe hajapewa maji. Na zile za juu ya mabati hazijageuzwa, na..."

"Enda ulale. Hii nasema na akili yangu yote, na mtoto amesikia."

Mama alifungua leso akamtua Maina. Akaingia chumba cha kwanza alichokuta, kile cha Shosho, akaanguka kitandani, malenge yakiwa bado uvunguni, miguu ikining'inia nje. Shosho aliniamuru nimvue gambuti. Nilivuta moja, ikatoka na udongo na soksi iliyotoboka, na nikauona mguu wa Mama, mweupe kwa jasho, visigino vimepasuka, kama mguu wa mtu nisiyemjua. Alikuwa ameshalala kabla sijavua ya pili.

Shosho alitaka kigoda nje, upande wa jikoni unaotazama shamba. Alichukua muda kuketi. Nilimwekea Maina mapajani na yeye akampa karoti ya kutafuna. Baba alikuja kuuliza Mama yuko wapi, Shosho akamwambia amelala na asiingie. Mama Gathoni alikuja kumpa mkono wa karibu nyumbani, akaanza kwa sauti kubwa kama kawaida yake, Shosho akainua kidole. "Nafula amelala," alimwambia, kwa Kikuyu, na ile f alijitahidi nayo. Mama Gathoni alikaa kidogo, akanong'ona mambo mawili matatu, akaenda.

Jua lilipoanza kwenda upande wa pili tumbili walishuka. Niliona miti ya mtoni ikitikisika, kisha wa kwanza akaruka juu ya waya wa Baba, kisha wengine. Niliruka nikachukua kopo na jiwe, kama nilivyozoea kufanya. Shosho alinishika sketi kwa nyuma.

"Weka chini."

"Shosho, watamaliza nyanya!"

"Wacha wamalize. Ukipiga hiyo kitu, utamwamsha."

Nikaweka kopo chini polepole lisilie. Nikaketi kwenye mchanga karibu na miguu yake. Tumbili walisambaa kwenye matuta, akina mama na watoto, wakichuma bila haraka, na dume lile kubwa likatembea katikati ya mistari likaketi juu ya tuta la nyanya, hatua chache tu kutoka kwetu. Lilichuma nyanya, likaiuma, likaitupa. Likachuma nyingine.

"Angalia huyu," Shosho alininong'oneza, akimhamisha Maina kwenye goti lililo zima. "Hana adabu kabisa."

Hatukusogea. Ukuta wa chumba cha Shosho, kilichopakana na jikoni, ulikuwa wa mbao tu, na nyuma yetu tulimsikia Mama akikoroma.